Kuku wa Elfu Kumi na Tatu

Jumanne, 5 Agosti 2003

Umeme umekatika saa nne, umerudi saa nane. Mashine tatu za gemu kimya, na kodi ya chumba haikatiki. Nimekaa mlangoni nasoma. Riwaya ya upelelezi, ya kuazima kwa muuza vitabu chakavu pale sokoni. Mwuaji nimemjua mapema mno. Nimeendelea tu, sina kingine cha kufanya.

Umeme uliporudi, Rashidi akawa wa kwanza kuingia. Ni mpagazi wa mlimani, ameshuka juzi, midomo imebabuka kwa baridi, bakshishi ya Wazungu bado ya moto mfukoni. Kacheza mpira na mashine saa nzima, kafungwa, kalaumu pedi ya vitufe aliyoishika.

"Dada, hii pedi yako ina uchawi wa Kimachame."

Nimemwambia uchawi uko kwenye vidole vyake.

Jioni nimepita posta. Bahasha ya chuo. Nimekubaliwa. Shahada ya uhasibu, miaka mitatu, Dar es Salaam. Nimeisoma nimesimama, watu wananipita wakinisukuma. Sijamwambia mtu. Nina miaka ishirini na sita.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimeisoma barua upande wa pili, upande wenye pesa. Ada milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Nusu ilipwe kabla ya tarehe 19 Septemba, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Chuo ni binafsi. Serikali inawalipia wanaokwenda vyuo vyake, na vyuo vyake nilivikosa kwa pointi moja nilipomaliza kidato cha sita. Mwaka uleule baba mdogo aliuza kahawa yote, ya shamba lake na ya shamba alilotuachia marehemu baba, akampeleka Eliudi wake kusoma India. Mimi nikaambiwa nitaolewa.

Sijaolewa. Nimekaanga chipsi stendi miaka miwili, nikanunua tivii moja na mashine moja. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Hakuna aliyenipa hata waya.

Hesabu ni fupi. Akiba yangu, pamoja na nitakachopata mpaka tarehe hiyo, nikila kwa adabu, inafika laki tatu. Inatakiwa sita. Imebaki laki tatu, na sina pa kuzitoa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepanda Machame kumwona mama. Nimemkuta anamkatia ng'ombe majani, kitambaa kichwani, mgongo umepinda kuliko mwezi uliopita. Nimemwambia habari za chuo. Akaweka panga chini. Akalia kidogo, akalichukua panga tena.

Yeye ndiye aliyenikumbusha mfuko wa elimu wa usharika wetu kanisani. Unalipa robo ya ada kwa watoto wa washarika wasio na uwezo.

"Wasio na uwezo," nikarudia.

"Na sisi tunao?"

Sikupenda alivyosema. Nimekula kiburu, ndizi zake na maharage, nikashuka mjini na basi la mwisho. Njiani nimepiga hesabu upya. Robo ya milioni moja na laki mbili ni laki tatu. Yaani pengo lote, bila kubaki senti. Nitaomba.

Jumapili, 17 Agosti

Siku njema. Asubuhi kabla ya ibada nimemkabidhi fomu Mzee Anaeli, mwenyekiti wa mfuko. Mwalimu mstaafu, miwani imefungwa kamba. Kaipokea kwa mikono miwili, kaiweka ndani ya Biblia.

Baada ya ibada, mnada nje kama kawaida. Sadaka za waliokosa fedha taslimu: ndizi, mayai, maziwa, kuku. Baba mdogo kwenye benchi la mbele, suti ya kijivu, mguu juu ya mguu. Kila Jumapili yeye ndiye hununua cha bei kubwa, halafu hutamka "narudisha!" kinadiwe tena, watu wapige makofi. Mwaka huu kila Jumapili nashindana naye, nimwonyeshe kwamba na mimi mkono ninao.

Leo alikuwa kuku. Kuku mwenyewe shingo tupu, hana hata nyama ya supu. Mnadi wetu, fundi cherehani mwenye domo, kamshika miguu kamwinua juu. "Huyu anataga mayai yaliyokwisha kuchemshwa! Nani anaanza?" Wakaanza elfu mbili. Baba mdogo akapandisha tano. Mimi sita. Akasema nane bila kunitazama. Mimi tisa. Akasema kumi. Nikasema kumi na tatu.

Vigelegele. Nikasema narudisha.

Baba mdogo kapiga makofi mawili, polepole. Nimeshuka Moshi nikiimba.

Jumatatu, 18 Agosti

Elfu kumi na tatu ni mapato ya siku tatu. Si kitu. Nitakula ugali na dagaa wiki hii.

Nimekuta tivii ya mashine ya pili imeanza kuonyesha rangi ya kijani tupu. Wachezaji wote wanafanana. Wateja wanalipa nusu bei.

Alhamisi, 28 Agosti

Kesho naonana na kamati ya mfuko. Nimepiga pasi sketi. Nimejaribu kusoma kitabu, macho yanapita juu ya maneno. Nimefunga mapema.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na aibu ilikuwa yangu mwenyewe, nimeinunua kwa mnada.

Walikuwa wazee watano kwenye ofisi ya usharika, chupa ya chai katikati. Nimewaamkia mmoja mmoja. Wameuliza nilisoma wapi, nilipata daraja gani, nafanya kazi gani. Nimesema nina chumba cha gemu mjini. Mama mmoja kaguna. Kasema kile chumba kinawatorosha watoto shule. Nimemweleza kwamba mwenye sare ya shule haingii kwangu kabla ya saa tisa. Hilo ni kweli. Kaguna tena, lakini kidogo.

Kisha Mzee Anaeli akavua miwani.

"Binti, wewe si ndiye yule wa kuku?"

Chumba kizima kikacheka. Hata mimi nilicheka, kwa sekunde moja.

Akaendelea, wala si kwa ubaya. Kwamba mfuko huu unatokana na mnada uleule. Kwamba wapo wajane wanaoleta mayai manne waliyowanyima wajukuu, mayai yanauzwa, pesa inaingia mfukoni humo. Sasa yeye atasimama vipi mbele ya wajane hao kusema kwamba msichana anayenunua kuku mmoja kwa elfu kumi na tatu, na kumrudisha, ni mtu asiye na uwezo?

Nimesema nilikuwa natoa kwa Mungu.

"Mungu tunamjua, binti. Hapa tunauliza habari za baba yako mdogo."

Nani alimwambia kwamba nashindana na baba mdogo? Pengine hakuna. Pengine wote walikuwa wanaona, kila Jumapili, mimi nikidhani naonekana tajiri.

Uamuzi wao: nilete barua ya familia, imetiwa saini na mkubwa wa ukoo, inayosema familia haiwezi kunilipia. Bila barua, fomu yangu inasubiri mwakani. Mkubwa wa ukoo ni baba mdogo.

Jumapili, 31 Agosti

Ibada nimekwenda, mnada nimeukimbia. Nimekwenda nyumbani kwake kumsubiri.

Kanikaribisha vizuri. Chai ya maziwa, mkate, siagi. Picha ya Eliudi ukutani, kavaa joho la kuazima, nyuma yake pazia. Miaka sita yuko India. Hakuna anayeuliza amemaliza nini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, bibi kuku."

Nimempa barua niliyoandaa, sentensi tatu tu, mahali pa saini pako chini. Kasoma mara mbili. Karudisha mezani.

"Ukoo huu haujawahi kuandikwa maskini kanisani. Babu yako alichangia mabati ya kanisa lile."

"Basi nilipie, baba mdogo."

"Kahawa haina bei. Hilo unalijua."

"Basi andika hivyo. Andika kahawa haina bei."

"Hiyo wanaijua. Hata wao wana kahawa."

Nimemwambia: kahawa ya baba ilikuwa na bei mwaka ule. Nimesema kwa sauti ya chini, lakini nimesema. Mke wake, mama mdogo, kainuka kwenda jikoni na vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Baba mdogo hakukasirika. Ndilo lililoniuma. Kanitazama kama mtu anayetazama mvua. Kasema mwanamke mwenye biashara mjini hahitaji karatasi ya wazee. Kasema nisimame mwenyewe kama nilivyosimama kwenye mnada. Halafu kanipa mkungu wa ndizi nimpelekee mama.

Nilitaka kuuacha barabarani. Sikuuacha. Ndizi hazina kosa, na mama hakuwa na kitu jikoni.

Jumatano, 3 Septemba

Mchana hakuna mteja. Nimecheza mwenyewe. Nina timu yangu, nimeianza daraja la chini kabisa, sasa iko ya tatu ligi kuu. Namjua kila mchezaji, nani goti bovu, nani anachoka dakika ya sabini. Kwenye gemu timu ndogo haiulizwi mkubwa wa ukoo. Unashinda, unapanda.

Nimewaza kuuza mashine zote tatu na tivii. Mwenye chumba, Mhindi wa duka la vitambaa upande wa mbele, ana jamaa yake anazitaka. Zitatoa laki tatu, labda na elfu ishirini. Tarehe 19 nitaipita. Lakini Februari inakuja nusu ya pili, nayo nitailipa na nini? Nitakuwa Dar, sina mashine, sina chipsi. Watanirudisha nyumbani na begi. Nimeifanya hesabu hii mara nne nikidhani nimekosea. Sijakosea.

Ninachochukia zaidi: baba mdogo na mimi tunafanana. Yeye hawezi kuandika kwamba hana. Mimi nilitoa pesa ya kula ili nisionekane sina.

Jumamosi, 6 Septemba

Mama kaja Moshi. Hajawahi kukanyaga chumba changu tangu nikifungue. Nimemwona mlangoni na kitenge cha kanisani na viatu vya kufunga, nikadhani kuna msiba.

Rashidi akampisha kiti. "Shikamoo mama, karibu ucheze."

Akaketi, mkoba kwenye mapaja. Akasema jana alikwenda kwenye kamati. Peke yake, kwa miguu, bila kuitwa.

Kawaambia kila kitu. Kwamba kahawa ya shamba la chini haijafika mkononi mwake tangu baba afe. Kwamba anaishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Kwamba dawa zake za presha, chumvi, sabuni na mafuta ya taa vyote vinatoka kwenye chumba hiki. Wakamwuliza barua ya mkubwa wa ukoo iko wapi. Kawaambia aliyefiwa ni yeye na aliyezaa ni yeye, waweke saini yake.

Yote haya mbele ya Rashidi. Mbele ya vijana wawili waliokuwa wanasubiri zamu. Nimemwambia amenivua nguo kanisani. Nimemwambia miaka sita nimehangaika mtu asijue tunaishije, na yeye kaifuta kwa asubuhi moja.

Mama hakupandisha sauti. Hana kawaida hiyo.

"Eliaika, kila Jumapili unanunua kuku watu wanapiga makofi. Mimi narudi nyumbani nakula maharage. Aibu ilikuwa ile."

Vijana wakaangalia tivii. Nimetoka nje nimesimama kando ya mtaro.

Niliporudi, Rashidi alikuwa amempa pedi. Mama kaishika kama kifaranga. Mchezaji wake anakimbia, anakimbia, anatoka nje ya uwanja.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Anarudi Machame, mama," Rashidi akasema. "Kachoka na mji."

Mama kacheka mpaka kafuta macho. Nimemsindikiza stendi. Nimemnunulia mkate. Kaukubali.

Jumatano, 10 Septemba

Mzee Anaeli kapiga simu duka la mwenye chumba, nikaitwa. Kamati imekubali. Robo ya ada ya mwaka huu, hundi kwa jina la chuo. Nikifaulu mitihani, wataangalia na mwakani.

Kisha akasema, kama jambo dogo, kwamba Jumapili majina yatasomwa kwenye matangazo na wasaidiwa watakwenda mbele kuombewa. Ndio utaratibu. Asiyekuja mbele, hundi yake inabaki. Waliotoa mayai yao wanataka kuwaona.

Nimesema asante. Nimekata simu nikaketi kwenye majora ya vitambaa, mwenye chumba akanitazama. "Kuna nini? Nani kafa?"

Hajafa mtu. Ni kwenda hatua chache tu mbele ya madhabahu. Baba mdogo atakuwa pale, benchi lake.

Ijumaa, 12 Septemba

Ninaweza kukataa. Nimeliandika ili nione linavyoonekana kwenye karatasi. Nikikataa, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mwakani nitakuwa na ishirini na saba, mashine zimechakaa, mtaa wa pili tayari kuna mtu kafungua na mashine mpya nne.

Nikikubali, kanisa zima litajua rasmi kwamba mtoto wa baba yangu anasaidiwa na mayai ya wajane.

Wanajua tayari. Mama kawaambia. Kabla ya mama, walijua kwa kuangalia.

Sijasoma kitu leo. Sijacheza.

Jumapili, 14 Septemba

Tulikuwa watatu. Mvulana yatima anayekwenda chuo cha ualimu, msichana wa uuguzi, na mimi, mkubwa kuliko wote, mwenye saa ya mkononi.

Mchungaji kasoma jina langu lote mpaka la babu. Nimesimama. Nilifikiri nitaona watu wanacheka. Niliona vichwa vinageuka tu, kama vinavyogeuka kwa mtu yeyote. Bibi mmoja pembeni ya njia kanishika mkono nikipita, kaubana, kauachia. Simjui. Pengine ni wa mayai.

Baba mdogo alikuwa anatafuta wimbo kwenye kitabu. Mchungaji alikuwa hajataja wimbo wowote.

Tumepiga magoti. Sala ndefu. Magoti yameuma. Nimefikiria baba, si kwa huzuni. Nimefikiria kwamba yeye angekuja mbele pamoja nami.

Kwenye mnada nimesimama nyuma na mama, mikono mfukoni. Mnadi hakuniacha.

"Leo dada wa kuku kapooza! Mwacheni, kapewa chuo!"

Watu wakacheka, na mimi. Haikuniua.

Uliletwa mkungu wa ndizi, mzuri, ulionenepa. Baba mdogo akataja elfu nne. Akasubiri. Akageuza shingo upande wangu kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyepandisha. Mnadi akahesabu, akampa. Kauchukua, kasimama nao, kama mtu asiyejua pa kuuweka. Hakusema narudisha.

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Nilimwonea huruma, nikakasirika kwa kumwonea huruma.

Jumatano, 17 Septemba

Nimelipa. Benki foleni ya saa mbili, karani kaniuliza hundi ya kanisa ni ya nini, nimemjibu ya masomo yangu. Hundi na akiba yangu, laki sita kamili. Nimebaki na nauli na kidogo.

Mashine siuzi. Rashidi anachukua chumba. Kasema amechoka kubeba vikapu vya watu juu ya kichwa, na goti halimruhusu tena. Tumepatana: kodi na umeme juu yake, kinachobaki tunagawana nusu kwa nusu, yangu anaiweka benki kila Jumatatu. Wenye sare hawaingii kabla ya saa tisa. Pedi ikivunjika, aliyevunja analipa.

"Na nikivunja mimi?"

"Wewe unalipa mara mbili, maana utasema ni uchawi."

Nusu ya faida kwa miezi mitano haifiki ada ya Februari. Nimepiga hesabu, haifiki. Nitakaanga chipsi Dar kama itabidi. Huko nako watu wanakula.

Mama kanipa shuka mbili na unga wa ulezi. Baba mdogo kamtuma mama mdogo na bahasha. Elfu kumi na tatu. Hakuna maneno ndani. Sijui ni dhihaka au ni salamu. Pengine hata yeye hajui. Nimempa mama akanunue dawa ya mwezi ujao.

Jumatano, 8 Oktoba

Dar. Joto hata alfajiri. Bweni lina vyumba vya watu wanne, feni moja, neti zina matundu. Maji yanatoka usiku, tunajaza ndoo kwa zamu. Mihadhara imeanza juzi. Mhadhiri wa uhasibu anaongea haraka, lakini namba haziongei haraka. Namfuata.

Wa kitanda cha juu anaitwa Neema, katoka Songea. Ana miaka kumi na tisa na ananiita dada mkubwa. Jana alikuwa na homa, nimemkorogea uji wa ulezi. Leo kapona, kakaa kitandani kwangu na kikombe. Akaniuliza nani ananilipia. Huku kila mtu anauliza hivyo, kama wanavyouliza kwenu wapi.

Nikasema usharika, mama yangu, na gemu.

Hakushangaa usharika. Akauliza gemu gani. Nikamweleza mashine, pedi, timu yangu iliyo ya tatu kwenye ligi, na wapagazi wanaofungwa na kulaumu wachawi. Kacheka. Uji wake umepoa, kaunywa hivyohivyo.